Macho Chini: Ni Heshima, Ni Woga au Ni Kukubali?

HEBU siku moja simama kando ya kituo cha kununulia majani chai, iwe ni upande wa Litein, Kapkatet au kule Mogogosiek, na usisikilize lolote linalosemwa. Tazama tu. Hata kama hujui neno moja la Kikipsigis, muda si muda utakuwa umetambua nani mwenye usemi mahali hapo na nani hana.

Mkulima anafika na mzigo wake. Anautua, anayamwaga majani ili yakaguliwe, kisha anarudi nyuma hatua moja na kushikanisha mikono mbele ya tumbo. Karani wa mizani, ambaye pengine ni rika la kitinda mimba wake, anayapekua kwa ncha za vidole akitafuta yaliyokomaa kupita kiasi, kwani kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi, basi. Hasemi kitu. Mkulima naye hamwangalii usoni. Anaviangalia vile vidole. Vidole vikisita, mabega ya mzee yanapanda. Majani yakisogezwa kwenye mizani, mabega yanashuka na pumzi inatoka. Muda wote huo karani hajamtazama mzee hata mara moja, wala hana haja ya kumtazama.

Sasa mfuate mzee yule hadi nyumbani kwake. Akikohoa tu langoni, redio inapunguzwa sauti. Aliyekalia kiti chake anainuka bila kuambiwa. Mjukuu anakuja mbio na kuinamisha kichwa ili aguswe utosini. Mwili ni ule ule ulionywea mbele ya mizani saa moja iliyopita, lakini sasa kifua kimefunguka na mikono imetulia nyuma ya mgongo.

Wataalamu wa mambo haya huita hii lugha ya mwili, na magazeti ya ng'ambo yamejaa mawaidha juu yake: tazama watu machoni, nyoosha mgongo, bana mkono wa mwenzako unapomsalimu. Ni mawaidha mazuri kwa aliyezaliwa huko. Lakini msomaji wa Nairobi, Nakuru au Kisumu ambaye mizizi yake iko Kericho au Bomet anajua kwamba mambo si mepesi hivyo. Katika nchi ile ya majani chai, kuinamisha macho kunaweza kuwa na maana tatu zinazopingana, na anayekosea kuisoma huenda akamkosesha mtoto alama, akamnyima kijana kazi, au akamtendea mwanamke unyama.

MKONO JUU YA KICHWA

Tuanzie nyumbani. Miongoni mwa Wakipsigis, kama ilivyo kwa ndugu zao wa Kalenjin na majirani zao Wamaasai, mtoto aliyelelewa kwa desturi za zamani hamnyooshei mtu mzima mkono wa kwanza. Huinamisha kichwa, naye mtu mzima huweka kiganja juu yake. Wakubwa wanaposalimiana kwa “Chamgei”, mdogo husubiri mkubwa atoe mkono, na anapoupokea huushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, karibu na kiwiko. Macho hayakodolewi. Kumkazia macho mtu wa makamo ya baba yako ni kumwambia kwamba mko sawa, na yeye anajua hamko sawa.

Nani yuko sawa na nani? Hapo ndipo penye marika. Wakipsigis hujipanga kwa marika yenye majina yanayorudi kwa zamu, yakiwemo Maina, Chumo, Sawe na Kaplelach. Rika ndilo linalokuambia uketi wapi, umtanie nani na umnyamazie nani. Hata ndoa huguswa na jambo hili, kwani kwa mila mwanamume haoi binti wa rika mwenzake. Huyo ni kama bintiye mwenyewe. Kwa hiyo wanaume wawili wasiojuana wakikutana, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni rika, na baada ya hapo miili yao hujipanga yenyewe.

Mtaalamu wa mila J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake juu ya jamii hii mwaka wa 1939, alieleza jinsi mambo ya mtaa yalivyoamuliwa katika baraza la kokwet. Wazee waliketi pamoja na kusikilizana, na aliyeongoza, poiyot ab kokwet, hakuwa mfalme. Hakukuwa na jukwaa wala kiti cha enzi. Hili nalitaja kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ukubwa ni lazima uwe juu ya kitu, iwe ni jukwaa, gari au roshani. Baraza la aina hii linatuonyesha mamlaka yaliyokaa usawa na wengine, na bado yakasikizwa.

Kuna ishara nyingine ndogo inayopatikana katika jamii nyingi za Kenya ambayo watoto wa mjini wameisahau. Ukitaka kuonyesha kimo cha mtoto, hulazi kiganja kikatazama chini kana kwamba unapima mbuzi. Unakisimamisha au kukigeuza, vidole vikiangalia juu, kwa sababu binadamu anakua na hapaswi kufunikwa. Mtafiti Chet Creider, ambaye mwaka wa 1977 alichapisha maelezo ya ishara za mikono alizozikuta miongoni mwa Wakipsigis, Waluo, Wagusii na Wasamburu, alionyesha kuwa majirani hawa wenye lugha tofauti kabisa wana mengi wanayoelewana kwa mikono. Mkipsigis na Mgusii waliotazamana vibaya juu ya mpaka huko Sotik huenda wasielewane kwa neno, lakini kiganja wanakielewa.

Jambo muhimu katika salamu ile ya kichwa ni kwamba ina pande mbili. Mtoto akiinama, mkono sharti uje. Mkubwa anadaiwa: anadaiwa baraka, chakula mtoto akiwa na njaa, na utetezi akionewa na watu. Waswahili husema heshima si utumwa, na tofauti yenyewe ni hii: katika heshima, anayeinamiwa naye ana deni.

MTOTO ALIYENYAMAZA

Twende shuleni, maana hapa ndipo kosa la kusoma mwili linapofanyika kila siku bila ya mtu kulalamika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wawili Wamarekani, Sara Harkness na mumewe Charles Super, waliishi katika kijiji cha Wakipsigis ambacho katika maandishi yao wanakiita Kokwet. Walitaka kujua watoto hukuaje. Walianza na watoto wachanga na wakakuta jambo la kufurahisha. Watoto wa pale walikuwa wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa karibu mwezi mzima. Watu wa nje wangesema ni damu. Lakini Super alipochunguza aliona kwamba akina mama walikuwa wakiwafunza. Mtoto wa miezi mitano au sita aliwekwa katika kishimo kidogo ardhini, au akazungushiwa nguo, ili mgongo ushikike. Kisha siku baada ya siku mgongo ukapata nguvu. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufunza, hakukuwahi kwa namna ile. Yaani hata kukaa wima, kitu tunachodhani huja chenyewe, kule kilikuwa somo lenye mwalimu.

Walipofika kwa watoto wakubwa kidogo, mambo yaligeuka. Mtoto alisimuliwa hadithi fupi kisha akaombwa airudie mbele ya mtu mzima. Ni mtihani wa kawaida sana Marekani. Watoto wengi wa Kokwet walinyamaza. Wakatazama chini. Mtu mwenye haraka angeandika sifuri na kuondoka, na bila shaka wengi waliopita katika shule zetu wamewahi kuandikiwa sifuri hiyo.

Harkness na Super hawakuondoka. Waliona kwamba watoto hao hao, wakiwa na wenzao malishoni, walikuwa wakibwabwaja kutwa. Waliona pia kwamba mama alipozungumza na mtoto, mara nyingi alikuwa akimtuma: lete maji, mchunge ndama, mshike mdogo wako. Jibu lililotakiwa halikuwa maneno, lilikuwa miguu. Mtoto mwerevu ni yule aliyetumwa mara moja, akasikia, akaenda, akarudi na kitu chenyewe. Wakipsigis wana neno kwa mtoto wa namna hiyo, ng'om, na wazazi walitofautisha ng'om wa nyumbani na ng'om wa shule. Mtu anaweza kuwa nao mmoja bila mwingine. Mwaka wa 1977 watafiti hao walichapisha makala kuhusu kwa nini ni vigumu kuwapima watoto wa Afrika kwa mitihani ya aina hiyo, na jibu lao halikuwa akili. Mtoto aliambiwa atende, mbele ya mkubwa asiyemjua, jambo ambalo maisha yake yote alikuwa amefunzwa kuwa ni utovu wa adabu.

Miaka zaidi ya 50 imepita tangu siku hizo. Shule zimejaa, na watoto wa Bureti siku hizi wanabishana na baba zao juu ya kandanda ya Uingereza. Hata hivyo, muulize mwalimu yeyote anayepokea kidato cha kwanza kutoka vijijini. Atakuambia kuna mwanafunzi ambaye ukimkemea hutazama viatu vyake, na ukimwambia “nitazame ninapozungumza nawe” hutazama viatu zaidi. Mwalimu aliyetoka kwingine anaona kiburi. Mwanafunzi anajua ametoa heshima yake ya juu kabisa, na haelewi kwa nini anachapiwa maneno mara ya pili.

KUJITANUA KAMA BINGWA

Kijana huyo akimaliza chuo hufika Nairobi kutafuta kazi, na hapo hukutana na wauzaji wa dawa. Sisemi dawa za kunywa. Nasema vitabu na semina za kumfunza mtu asimame vipi ili aonekane mkubwa.

Dawa iliyovuma kupita zote ilitoka Marekani. Mwaka wa 2010, Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 42. Walidai kwamba mtu akijitanua kwa dakika chache, kwa mfano miguu juu ya meza, homoni zake hubadilika na akawa jasiri. Habari zilienea duniani kote, hasa baada ya hotuba ya Cuddy ya mwaka 2012. Mwaka wa 2015, watafiti wengine wakiongozwa na Eva Ranehill walirudia jambo hilo kwa watu 200. Watu walisema kweli wanajihisi wakubwa, lakini homoni hazikusogea, wala vitendo vyao havikubadilika. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe alitangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa dawa ile inafanya kazi. Kwa hivyo, kijana, usitoe pesa zako kwa semina ya kukufunza kusimama mikono kiunoni chooni kabla ya mahojiano.

Hilo halina maana kwamba mwili hausemi. Mwaka wa 2008 Jessica Tracy na David Matsumoto walichapisha uchunguzi wa picha za wachezaji wa judo katika michezo ya Athens ya 2004, Olimpiki na ile ya walemavu. Miongoni mwao walikuwemo watu waliozaliwa vipofu, ambao katika maisha yao hawajawahi kumwona mshindi akishangilia. Waliposhinda, nao waliinua mikono, wakarudisha kichwa nyuma na kutanua kifua, sawa na wenye macho. Furaha ya ushindi, basi, binadamu huzaliwa nayo.

Kericho inaijua furaha hiyo kuliko wilaya nyingi za dunia. Medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kuja Kenya ililetwa na mwana wa huko, Wilson Kiprugut Chumo, aliyechukua shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka wa 1964, kisha akaongeza fedha huko Mexico mwaka wa 1968. Lakini angalia kinachotokea mwanariadha wa Kalenjin anaporudi nyumbani. Yule aliyeinua mikono juu mbele ya dunia nzima hufika kwa watu wake na kuinamisha shingo avishwe sinendet, ule mmea mtakatifu unaotambaa, kisha hupokea kibuyu cha mursik kwa mikono na kunywa mbele ya wazee. Hakuna anayemwona amepungukiwa. Aliyeshinda ana haki ya kuinua kichwa, na waliomlea wana haki ya kukishusha kidogo.

Serikali nazo zina mwili. Waliosoma shule ya msingi enzi za Nyayo, kati ya 1978 na 2002, hawajasahau kupangwa kando ya barabara kusubiri msafara upite, wala ile rungu ya Rais Moi iliyoinuliwa juu ya umati, kama ambavyo mgwisho wa Mzee Kenyatta ulivyopepea kabla yake. Tulisubiri saa nne tupungiwe sekunde nne. Kumfanya mwenzako asubiri ni ishara ya ukubwa kongwe kuliko zote, na afisa mdogo wa ofisi yoyote ya umma anaijua: haondoi macho kwenye karatasi, anakuacha umesimama, halafu anakuambia uje kesho. Huyo hahitaji rungu.

KATIKATI YA MISTARI YA CHAI

Sasa tufike mahali ambapo habari hii inaacha kuchekesha.

Mashamba makubwa ya Kericho yalianzishwa katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Uingereza zilipoingia na kupanda chai katika ardhi ambayo ilikuwa ya Wakipsigis. Siku hizo mwanamume Mwafrika aliyefanya kazi alikuwa amekwisha kuvishwa kipande, cheti kilichotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mfumo huo ulianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza na ukadumu hadi 1947. Mwajiri ndiye aliyekitia sahihi mtu alipoacha kazi. Bila sahihi hiyo, mtu alikuwa mtoro. Watu wa makamo ya babu zetu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Mtu aliyekivaa hakuwa na haja ya kuambiwa ainamishe kichwa, shingo ilikuwa na mzigo tayari.

Kipande kiliondoka, lakini safu ilibaki. Mchuma chai huinama juu ya kichaka, kikapu mgongoni, mikono miwili ikienda haraka kuliko jicho, na ufito umelazwa juu ya kichaka ili meza ya majani ibaki sawa. Nyapara husimama wima, akitembea nyuma ya mistari. Juu ya nyapara yuko msimamizi, juu ya msimamizi kuna meneja ambaye nyumba yake iko mbali na zile laini za wafanyakazi, nyuma ya ua na nyasi zilizokatwa vizuri. Ukitaka kujua cheo cha mtu shambani, usimuulize. Tazama tu mgongo wake umenyooka kiasi gani saa nne za asubuhi.

Kumbuka kwamba wengi wa wanaoinama ni wanawake, na wengi wao wamelelewa kwa adabu ile ile ya nyumbani: mkubwa hatazamwi usoni, mkubwa habishiwi. Wanaichukua adabu hiyo shambani kama walivyofunzwa. Lakini huyu nyapara si poiyot ab kokwet. Yeye hadaiwi baraka na mtu. Anagawa mistari, anaandika kilo, anasema nani atapata kazi kesho. Anapokea kichwa kilichoinama na mkono hauji. Au unakuja, lakini si juu ya kichwa.

Mnamo Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi wake juu ya mashamba ya chai ya Kericho yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 waliwaeleza waandishi kwamba walidhulumiwa kimapenzi na wasimamizi wao. Wengine walisema walitakiwa watoe miili yao ndipo wapewe kazi au wabaki nayo. Mwandishi mmoja mwanamke alijifanya mtafuta kazi na kurekodi kwa siri yaliyomfika. Unilever ilisema imeshtushwa na habari hizo, baadhi ya mameneja wakasimamishwa kazi, na wabunge wakataka kisa hicho kichunguzwe. Tangu hapo mashamba hayo yamepita mikononi mwa wenye wapya.

Sitarudia hapa maelezo ya wanawake wale; haya ni magazeti ya kusomwa na watoto. Ninachotaka kutaja ni neno moja ambalo hujitokeza kila kisa cha namna hii kinapozungumzwa, iwe ni shambani, ofisini au chuo kikuu: “Lakini hakukataa.” Alinyamaza. Alitazama chini. Alitabasamu kidogo. Wanaume wengi, na si wabaya wote, husoma hapo kukubali, na hata katika nyimbo za mapenzi msichana mwenye haya huinamisha macho kwa kupenda.

Ukiyaweka pamoja tuliyoyaona tangu mwanzo, usomaji huo hauna mguu wa kusimamia. Mtoto wa Kokwet alinyamaza mbele ya mgeni aliyemwomba hadithi tu, mgeni asiye na uwezo wa kumpa wala kumnyima chochote. Mkulima mwenye watu wake nyumbani hushikanisha mikono mbele ya karani wa mizani kwa ajili ya kilo chache. Je, mwanamke mwenye kodi ya kulipa na watoto wa kulisha, mbele ya mtu mwenye orodha ya kazi ya kesho, angetazama wapi? Macho yake yako chini kwa sababu mbili zilizofungwa pamoja, adabu na woga, na hakuna kati ya hizo iliyo ridhaa. Anayedai kusoma ridhaa katika mwili wa mtu aliye chini ya amri yake anasoma cheo chake mwenyewe.

KITI KILICHOINAMIWA

Isidhaniwe kwamba tabia hizi ni mawe. Bunge la Kenya lina desturi kwamba mbunge akiingia au kutoka ukumbini huinamia Kiti cha Spika. Baada ya uchaguzi wa 2013, Joyce Laboso wa Sotik alichaguliwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Alikuwa ameingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa 2008, baada ya dada yake, Lorna, kufariki pamoja na waziri Kipkalya Kones wa Bomet katika ajali ya ndege mwezi wa Juni mwaka huo. Kila alipokalia Kiti kile, wanaume wazima, wakiwemo wa marika ambayo kwa desturi ya kwao wasingemwinamia mwanamke mbele za watu, waliingia mlangoni na kuinamisha vichwa. Mwaka wa 2017 alichaguliwa Gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza nchini kushika cheo hicho, na alikihudumia hadi alipoaga dunia Julai 29, 2019.

Walioinama walikuwa wakiinamia Kiti na kanuni zake, na wengi wao walijua hivyo. Lakini mwili hauwezi kuinamia kanuni peke yake. Kichwa kinashuka na juu ya kiti yupo mtu, na msichana wa Ndanai anayetazama habari za saa moja anaona mtu huyo ni nani.

Kwa wazazi na wanafunzi ambao wiki hii wana mahojiano ya kazi au ya nafasi ya chuo, nina machache. Usimwambie mtoto wako kwamba adabu aliyofunzwa na nyanya yake ni ushamba. Mwambie kwamba ni lugha mojawapo, na mahojiano huendeshwa kwa nyingine. Ajizoeze nyumbani, akiwa na mtu mzima asiyemzoea sana, kujibu swali akiwa ameinua uso. Akishindwa kumtazama mtu machoni, atazame katikati ya nyusi au fundo la tai. Aliye ng'ambo ya meza hawezi kutofautisha. Asubiri kuelekezwa kiti, kisha akae hadi mgongo uguse kiti, mikono juu ya mapaja. Mkono atoe baada ya kupewa. Kuunga mkono wa kulia kwa wa kushoto hakujawahi kumnyima mtu kazi Kenya hii.

Nawe unayehoji, mwenye meza, kalamu na orodha: kijana wa Kapkoros akitazama meza unapomuuliza swali, liulize tena kwa upole, na kama waweza, sogeza kiti chako kitoke nyuma ya meza. Halafu subiri. Mwache ahesabu hadi kumi kichwani mwake kabla hujaandika lolote kwenye karatasi yako.